Konde Lililofunzwa Kusimama

Katika karate ya Kyokushin hakuna glovu. Wapiganaji husimama karibu, wakatwangana makonde ya kifua na mbavu, wakakatana mateke ya mapaja mpaka mmoja ashindwe kusimama. Kichwa kinaruhusiwa kupigwa teke, ila ngumi ya uso ni marufuku. Katika mtindo huo, ulioasisiwa na Masutatsu Oyama, ndimo alimokulia Dolph Lundgren, kijana mrefu wa Stockholm aliyetwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1980 na kuutwaa tena 1981.

Naianzia sheria ya ngumi ya uso kwa sababu kazi iliyompa jina ilimtaka aigeuze juu chini. Katika Rocky IV ya mwaka 1985 anaigiza Ivan Drago, bondia wa Urusi ya Kisovieti. Bondia hana teke, na uso ndio shabaha yake kubwa. Ikabidi bingwa wa karate arudi kuwa mwanafunzi: miguu iliyozoea kushambulia ijifunze kubeba tu, mikono iliyozoea mbavu ipande mpaka kidevuni.

Hata hayo ni mepesi kuliko lililofuata. Mashindanoni, konde zuri halibishi hodi. Bega halitikisiki, jicho halitazami linapokwenda. Kwenye filamu mtazamaji lazima alione likianza, likisafiri, likifika, nalo lisifike. Linapita kando ya shavu, kamera imewekwa upande ambao pengo halionekani, na mwenzako anageuza kichwa papo hapo. Akichelewa kidogo tu, uongo umeonekana. Pigo moja lina mafundi wawili, na yule anayepigwa mara nyingi ndiye mwenye kazi ngumu zaidi.

Sylvester Stallone, aliyeiandika filamu hiyo, akaiongoza na kumwigiza Rocky, mpinzani wa Drago, amesimulia jinsi alivyomtaka Lundgren ampige kweli kwa muda mfupi. Konde moja la kifua likamvimbisha moyo, akasafirishwa kutoka Canada walikokuwa wakirekodi, akalazwa siku kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kisa hicho husimuliwa kumsifia Lundgren nguvu. Mimi kinanifanya niyafikirie makonde mengine yote ya pambano lile, yaliyotoka kwenye bega lilelile, kwa kasi ileile, yakazuiwa kabla ya kudhuru. Kuzuia huko kulirudiwa kila picha iliporudiwa, mikono imechoka, jasho machoni, na uso haukutakiwa kuonyesha kwamba kuna kinachozuiwa.

Uso huo ndio ninaoustaajabia zaidi. Mpiganaji wa Kyokushin akipigwa paja hakunji sura, maana mpinzani akigundua pameuma atarudi palepale. Lundgren aliingia na tabia hiyo mbele ya kamera, akamjenga Drago kwa maneno machache mno. Kisha Rocky anampasua karibu na jicho, na kwa mara ya kwanza kitu kinapita usoni pale, upesi, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake gizani. Baadaye anarudi kwenye kona yake na kulalamika kwamba anayepigana naye si binadamu. Sidhani mwigizaji asiyewahi kupigwa kweli angejua kuipima hofu iwe ndogo kiasi kile.

Watu humhesabu kama misuli tu, ingawa ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemikali kutoka Chuo Kikuu cha Sydney. Waitazame Creed II ya mwaka 2018. Drago amezeeka, amepoteza mke na heshima, na sasa anamnoa mwanawe Viktor ili amrudishie vyote viwili. Katika pambano la mwisho Viktor anapigwa na hawezi tena kujikinga. Lundgren anatazama kutoka kwenye kona, taya limekaza, macho yanahesabu hasara. Halafu anarusha taulo ulingoni, anamfuata mwanawe na kumkumbatia. Katika filamu ile hakupigana raundi hata moja, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.