Undugu Uliovuka Bahari: Jinsi Koo za Uswidi Mpya Zilivyounganishwa kwa Nyaraka

Tangu tarehe 1 Februari 2018, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uswidi, inayoitwa Riksarkivet, imeuruhusu umma kusoma bila malipo picha za vitabu vya kanisa ilizoziweka mtandaoni, na kwa sababu hiyo mkazi wa Kista, kitongoji cha kaskazini mwa Stockholm, anaweza kufuatilia akiwa katika maktaba ya mtaani kwake familia iliyohamia Marekani vizazi vingi vilivyopita. Urahisi huo wa kuzifikia nyaraka haujaondoa ugumu wa kuzifasiri, na ugumu wenyewe hauonekani vizuri popote kama katika uchunguzi uliofanywa juu ya walowezi wa mwanzo kabisa waliotoka Uswidi, yaani watu wa koloni la Uswidi Mpya kando ya mto Delaware. Nasaba zao zimechambuliwa kwa kina kuliko za makundi mengi ya walowezi wa karne ya 17, na linalojitokeza katika kazi hiyo ni kwamba undugu ulithibitishwa kwa kuunganisha kaya, ardhi na ujirani, ilhali majina, ambayo mtafiti mchanga huyakimbilia kwanza, ndiyo yaliyopotosha zaidi.

Koloni hilo lilianza mwezi Machi 1638, pale meli mbili, Kalmar Nyckel na Fogel Grip, zikiongozwa na Peter Minuit, zilipoleta watu wa kujenga ngome iliyopewa jina la Malkia Christina, mahali ulipo leo mji wa Wilmington. Wakazi wake hawakuwa Waswidi peke yao, kwani Ufini wakati huo ulikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, na Wafini wengi, wakiwemo waliokuwa wakilima kwa kufyeka na kuchoma misitu ndani ya Uswidi yenyewe, walipelekwa au walikwenda kwa hiari yao. Waholanzi chini ya Peter Stuyvesant waliliteka koloni mwaka 1655, na Waingereza wakawapokonya Waholanzi mwaka 1664. Kwa mtafiti wa nasaba, matokeo ya mabadiliko hayo ya utawala ni kwamba mtu mmoja aliyeishi miaka sitini aliweza kuandikwa na makarani wa lugha tatu, kila mmoja akiliandika jina kama lilivyoingia katika sikio lake.

Utaratibu wa majina wa Waswidi wa wakati huo hautamshangaza msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa unafanana na ule wa bin na binti: mtoto wa kiume wa Jonas aliitwa Jonasson na wa kike Jonasdotter, na jina hilo halikurithiwa na wajukuu. Kutokana na hilo, watu wawili wenye jina moja la baba hawana lazima ya kuwa ndugu. Mwaka 1640 meli ya Kalmar Nyckel iliwafikisha Delaware Peter Gunnarsson, aliyejiongezea baadaye jina la Rambo, pamoja na Sven Gunnarsson, na yote yanayoweza kusemwa kutokana na majina yao ni kwamba baba wa kila mmoja wao aliitwa Gunnar. Wako waandishi wa nasaba ambao wangewafanya watu kama hao kuwa ndugu wa tumbo moja kwa sababu tu walisafiri pamoja, na kosa la aina hiyo likishachapishwa huchukua miaka mingi kufutika, kwa kuwa kila anayelinakili hulipa uzito mpya.

Hatari ya pili hutokea pale majina yalipoganda. Chini ya Waingereza, mtindo wa kubadili jina kila kizazi ulikoma polepole, na jina la baba la kizazi kimoja likawa jina la ukoo. Jonas Nilsson, aliyefika Delaware mwaka 1643 wakati wa gavana Johan Printz, alimwoa Gertrud, binti wa Sven Gunnarsson aliyekwisha kutajwa, na wana wao wakaitwa Jonasson. Makarani wa Kiingereza waliliandika jina hilo Jones, na ndivyo lilivyobaki. Sasa Pennsylvania ilipokea kuanzia miaka ya 1680 kundi kubwa la watu kutoka Wales, ambako Jones ni jina la kawaida mno, hivyo mtafiti anayeanza na mjukuu wa Jonas Nilsson na kurudi nyuma kwa kufuata jina peke yake ataelekea Wales, ambako hakuna hata mmoja wa jamaa zake. Kinachomrudisha kwenye njia sahihi ni jina la kwanza. Måns, mwana wa Jonas, ambaye kwenye hati za Kiingereza ni Mouns Jones, alikuwa na jina ambalo Mwelisi hangempa mwanawe, na nyumba yake ya mawe iliyojengwa mwaka 1716 ingali imesimama Douglassville, Pennsylvania. Kama Jonasson alivyogeuka Jones, Svensson aligeuka Swanson, Bengtsson akawa Bankson, na Mårtensson akawa Morton, jina ambalo John Morton, kitukuu wa Mårten Mårtensson aliyefika koloni mwaka 1654, alilitia kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776.

Ikiwa majina hayatoshi, kazi ilifanyikaje? Jibu limo katika kitabu ambacho Peter Stebbins Craig, mwanasheria wa Washington aliyefariki mwaka 2009, alikichapisha mwaka 1993 kuhusu orodha ya Waswidi wa Delaware ya mwaka 1693. Orodha hiyo iliandikwa kwa kusudi maalumu. Watu wa Delaware, waliokuwa wakikosa wachungaji na vitabu vya dini, walimwandikia Johan Thelin, mkuu wa posta wa Göteborg, wakiomba msaada wa mfalme, na ili kuonyesha ukubwa wa hitaji lao waliambatanisha majina ya wakuu wa kaya pamoja na idadi ya watu katika kila kaya. Kusudi hilo lina uzito wa kiuchunguzi ambao ni rahisi kuusahau. Orodha ya kodi iliyotengenezwa mwaka 1677 na mahakama ya Upland iliwahesabu wanaume wenye umri wa kati ya miaka 16 na 60 tu, hivyo kutokuwemo kwa mzee, mjane au kijana hakuthibitishi kwamba mtu huyo alikuwa amefariki au hajafika, lakini orodha ya watu wanaoomba mchungaji haikuwa na sababu ya kumwacha mtoto mchanga wala bibi kizee, kwa kuwa kila nafsi iliongeza nguvu ya ombi.

Craig aliichukulia kila kaya kama hesabu inayotakiwa kukubali. Ikiwa orodha inasema kaya ina watu sita, basi wosia, hati za ardhi, kumbukumbu za mahakama na madaftari ya kanisa lazima yaweze kutoa watu sita waliokuwa hai mwaka 1693 na waliokuwa na sababu ya kuishi chini ya paa hilo. Wakipatikana wanne, wawili wanatafutwa, pengine wakiwa mama mjane wa mwenye nyumba au mpwa yatima anayetajwa miaka ishirini baadaye katika mgawanyo wa mirathi. Wakipatikana wanane, basi wawili kati ya watoto waliodhaniwa kuwa wa kaya hiyo ni wa ndugu au wa jirani. Njia hii ina sifa ambayo ufananishaji wa majina hauna kabisa, nayo ni kwamba inaweza kumkatalia mtafiti: hesabu isipokubali, dhana inaanguka hata kama ingependeza namna gani.

Nguzo ya pili ilikuwa orodha za ushirika na madaftari ya ubatizo. Wachungaji watatu, Andreas Rudman, Erik Björk na Jonas Auren, walifika mwaka 1697 kwa kuitikia ombi lile, na Rudman aliandika waumini wake kwa kaya, akiwataja kwa majina watu ambao miaka minne tu kabla walikuwa ni tarakimu. Katika ubatizo waliandikwa pia wasimamizi, yaani watu wazima wanaosimama na mtoto na kuahidi kumlea katika imani, na kwa kawaida hao walikuwa shangazi, wajomba, au ndugu waliokwisha kuoa. Jina moja la msimamizi halithibitishi kitu, lakini watu wale wale wakijitokeza katika ubatizo wa watoto wa nyumba mbili, kisha wakaonekana wamepakana mashamba na kushuhudia wosia wa mzee mmoja, kinachobaki kueleza mkusanyiko huo ni undugu wa damu au wa ndoa.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu wa kipekee. Uingereza na makoloni yake zilihesabu mwaka mpya wa kisheria kuanzia tarehe 25 Machi hadi mageuzi ya mwaka 1752, kwa hiyo Februari 1698 ya karani wa mahakama ni Februari 1699 kwa mtu anayeuanza mwaka mwezi Januari. Uswidi kwa upande wake iliiruka siku ya ziada ya mwaka 1700 ikiwa na nia ya kuihama kalenda ya zamani kidogo kidogo, ikaiacha nia hiyo na kujirekebisha kwa kuwa na tarehe 30 Februari mwaka 1712, na hatimaye ikahamia kalenda mpya mwaka 1753 kwa kuruka kutoka tarehe 17 Februari hadi tarehe 1 Machi. Wosia unaoonekana kuandikwa baada ya mazishi ya mwenyewe, au mtoto anayeonekana kutangulia ndoa ya wazazi wake, mara nyingi ni matokeo ya kalenda hizo.

Kiungo kigumu kuliko vyote ni bahari. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 ndiyo iliyowalazimisha wachungaji wote wa Uswidi kuandika vizazi, ndoa, vifo na uhamisho, pamoja na kupima kila kaya katika kusoma na katika katekisimu, jambo lililozaa daftari linaloitwa husförhörslängd, ambamo familia hufuatiliwa mwaka hadi mwaka nyumbani kwake. Walowezi wa Uswidi Mpya waliondoka miongo kadhaa kabla ya sheria hiyo, na moto ulioiteketeza ngome ya kifalme ya Stockholm mwaka 1697 uliangamiza sehemu kubwa ya nyaraka za dola. Ndiyo maana asili ya wengi wao inajulikana kupitia vitabu vya mishahara vya kampuni ya koloni peke yake, pale karani alipoandika kijiji cha askari.

Hali ni tofauti kabisa kwa mtu aliyeondoka katika karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20, kipindi ambacho Waswidi zaidi ya milioni moja walihamia Amerika ya Kaskazini. Ikiwa alitoka Kista, anatafutwa katika vitabu vya usharika wa Spånga, ambao Kista, Husby na Akalla zilikuwa mashamba na vijiji vyake kabla ya mji kujengwa huko katika miaka ya 1970. Mitaa kama Isafjordsgatan na Torshamnsgatan, iliyopewa majina ya miji ya Iceland na visiwa vya Faroe, haimo kwenye madaftari hayo, kwa sababu yamepangwa kwa shamba, na ndani ya shamba kwa kaya. Mchungaji aliandika siku mtu alipochukua cheti cha kuhama, naye mtafiti hulinganisha siku hiyo na orodha za abiria zilizotunzwa na polisi wa Göteborg tangu mwaka 1869.

Penye pengo la nyaraka huingia tamaa, na ukoo wa Springer ni ushahidi wa kusikitisha. Carl Springer, mzaliwa wa Stockholm aliyetekwa London na kuuzwa Virginia kwa utumwa wa miaka mitano, ndiye aliyeandika kwa mkono wake barua na orodha ya mwaka 1693, na aliieleza habari yake mwenyewe katika barua kwa mama yake mwaka huo huo. Maisha hayo yangetosha kuwa fahari ya ukoo wowote, lakini baadhi ya wazao wake waliaminishwa kwamba alikuwa wa damu ya Ludwig der Springer, mtawala wa Thuringia aliyefariki mwaka 1123, na kwamba ardhi ya Wilmington ilikuwa mali ya Carl iliyokodishwa kwa miaka 99, hivyo wakatoa fedha kudai urithi ambao haukuwahi kuwepo. Kipimo cha kaya kingeliangusha dai hilo mapema, kwani linadai karne tano za vizazi bila kutoa hati ya kiungo hata kimoja kati ya kizazi kimoja na kingine.

Kipimo hicho hicho huonyesha pia mahali pa kunyamaza. Fogel Grip ilimleta koloni mwaka 1639 Mwafrika aitwaye Anthony, ambaye orodha ya mwaka 1644 inamtaja kuwa mtumwa aliyenunuliwa, na ambaye baadaye, kwa jina la Antoni Swart, anaonekana katika hesabu za kampuni akinunua bidhaa kwa jina lake mwenyewe, dalili kwamba huenda alikuwa huru. Baada ya hapo hakuna kaya, shamba, wosia wala ubatizo unaoweza kuunganishwa naye kwa uhakika, na wengine wenye jina la Swart au Black katika bonde la Delaware hawawezi kufanywa wazao wake kwa sababu ya jina hilo, kwa kuwa kanuni iliyowazuia akina Gunnarsson kuwa ndugu inamhusu na yeye pia.