Jani Bichi, Picha Nyekundu

Milima ya Kivu, mashariki mwa Kongo, ni ya kijani. Katika picha za Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, milima hiyohiyo ni ya waridi, na penye majani mazito hukolea hadi kufikia damu ya mzee. Anayeziona mara ya kwanza hudhani zimepakwa rangi kwenye kompyuta. Hapana. Rangi imetoka ndani ya filamu yenyewe, Kodak Aerochrome, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2009.

Kila nikizirudia picha hizo, nastaajabia akili ya waliounda filamu ile. Jani lililo hai hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Rangi ya kawaida ya kijani iliyopakwa kwenye turubai hairudishi hivyo, na tawi lililokatwa hupoteza uwezo huo kadiri linavyokauka. Ndiyo maana wakati wa Vita Kuu ya Pili Kodak waliwatengenezea wanajeshi filamu ya aina hii: ikipigwa kutoka angani, msitu halisi huwaka wekundu, na kifaru kilichofunikwa kwa matawi ya juzi hujitenga nao.

Siri iko kwenye tabaka za filamu. Ni tatu, na kila moja imesogezwa hatua: infraredi huandikwa kwa nyekundu, nyekundu kwa kijani, kijani kwa buluu. Buluu yenyewe, ambayo ingezivuruga zote, huzuiwa mlangoni na kichujio cha manjano kwenye lenzi. Jani huleta infraredi tele na kijani kidogo, basi likitoka ni wekundu mwingi ulioguswa na buluu. Hilo ndilo waridi la Kivu. Hakuna kilichobuniwa pale: karibu kila mahali palipowaka, pana jani lililo hai.

Filamu hii ilidai subira. Ilitunzwa kwenye friza, ikatiwa kwenye kamera ndani ya giza totoro. Kipimamwanga cha kawaida hakiisomi infraredi, kwa hiyo mpiga picha alikadiria, akapiga, kisha akangoja filamu isafishwe ndipo ajue alichopata. Na akiba ilikuwa ikipungua bila kujazwa. Hivyo ndivyo Mosse alivyofanya kazi Kivu, katikati ya wapiganaji, akipiga picha mnato na sinema ya milimita 16 iliyozaa The Enclave, kazi iliyoonyeshwa Venice mwaka 2013. Wapo wanaosema amevipamba vita. Nawaelewa, lakini mimi waridi lile halinitulizi. Hunilazimisha kutazama tena kilima ambacho kwa rangi ya kijani ningekipita.

Katika sinema ile, tazama nyasi kamera inapotulia. Chengachenga za filamu zinachemka juu ya kila unyasi, nyekundu juu ya nyekundu, kana kwamba upepo haujakoma. Maji hayafanyi hivyo. Maji huimeza infraredi, na kwenye filamu hii hutoka meusi.