Saa za Kiswahili katika Maktaba za Programu: Uhakiki wa Hoja ya Kuongeza Kitendakazi kwa Kurejelea Bujumbura

Makala haya yanahakiki hoja kwamba maktaba sanifu za lugha za programu, kama ile ya Python, ziongezewe kitendakazi cha kubadili saa za kimataifa kuwa saa za Kiswahili. Watetezi hudai kuwa lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haistahili kukosa saa zake katika kompyuta. Wapinzani hujibu kuwa kazi yenyewe ni kutoa sita tu, hivyo haifai kupanua maktaba kwa ajili yake. Hoja zote mbili zina upungufu.

Wapinzani wanakosea kuhusu wepesi wa kazi hiyo. Mtayarishaji programu akitoa saa sita katika tarehe kamili ya Jumamosi saa 02:00, kompyuta humpa Ijumaa saa 20:00. Tarakimu nane imepatikana, lakini siku imepotea. Msemaji huita wakati huo saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Sita hutolewa kwenye tarakimu ya saa pekee, kisha neno la kipindi hukamilisha maana. Ujumbe wa zahanati ya Bujumbura unaosema "saa 3:00" bila neno hilo ungemwacha mgonjwa akikisia kati ya asubuhi na usiku, au hata alasiri, ikiwa amezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa.

Watetezi nao huchanganya lugha na mahali. Bujumbura iko saa mbili mbele ya wakati sanifu wa dunia, ilhali Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika hilohilo, iko saa tatu mbele. Saa tatu asubuhi Bujumbura ni saa nne Kigoma. Kitendakazi kinachodhani kuwa Kiswahili ni wakati wa Nairobi kitampotosha msafiri. Tena, Kiamhari nacho huhesabu saa kwa namna hiyohiyo. Kitendakazi cha Kiswahili pekee kingekuwa finyu.

Mfano bora ni moduli ya zoneinfo, iliyoingizwa katika Python 3.9 mwaka 2020. Msimbo wake umo katika maktaba, lakini kanuni za saa za kila eneo husomwa kutoka kanzidata ya nje, kwa kuwa serikali huzibadili. Hazina ya CLDR ya Unicode, inayotumiwa na programu nyingi, imekuwa na Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, bila cha Burundi. Pengo hilo lina uzito kuliko ukosefu wa kitendakazi.

Kitendakazi kikishaingia katika maktaba sanifu, ni vigumu kukiondoa, kwani programu za wengine hukitegemea. Kwa hiyo data itangulie: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu ukusanyaji wa mipaka ya alfajiri, mchana na jioni kutoka kwa wasemaji wa Bujumbura, Kigoma na Bukavu. Kitendakazi kijaribiwe kwanza katika kifurushi cha pekee. Uamuzi kuhusu maktaba sanifu ufuate matokeo hayo.