Nusu sekunde haikunji kioo

Noah moja ilifika gereji yetu ya Mikumi ikitokea Kilosa, kioo kimoja cha pembeni kimejikunja robo, cha pili nusu, kama mbuzi aliyelaza sikio moja. Mwenye gari alikuwa na malalamiko mawili, naye hakujua kwamba yana mzizi mmoja. Kwanza, akitaka vioo vijikunje anapofunga gari, lazima abonyeze rimoti mara saba au nane. Pili, mota mbili za loki za milango zilikuwa zimeungua ndani ya mwezi mmoja.

Kukunja vioo si urembo kwa mtu kama yeye. Akija Mikumi hulaza gari kwenye yadi ya gesti kandokando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, katikati ya malori ya Zambia na Kongo. Lori likirudi nyuma usiku, kitu cha kwanza kuondoka ni saidi mira.

Tulifungua paneli iliyo upande wa usukani. Plagi ya swichi ya kiwandani ya kukunja vioo tuliikuta imechomolewa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Nyaya mbili zinazokwenda kwenye vioo zilikuwa zimekatwa na kuungwa moja kwa moja kwenye nyaya za mota za milango. Loki za kiwandani zilikufa zamani; zilizopo ni mota za dukani, zinazoendeshwa na alamu ya ile rimoti.

Fundi aliyetangulia hakuwa mjinga. Mota ya loki ina nyaya mbili: ukipeleka moto huku na ethi kule inafunga, ukigeuza inafungua. Mota ya kioo nayo ni hivyo hivyo. Aliona mapacha, akawapakulia sahani moja. Alichosahau ni muda. Loki inataka teke tu, nusu sekunde inatosha. Kioo kinataka sekunde 3 hadi 5 za kusukumwa bila kukatishwa, kwa hiyo kila mpigo wa rimoti ulikisogeza upana wa kidole gumba, basi.

Swichi ya kiwandani aliichomoa kwa sababu ilimlazimu. Alamu ikiwa imetulia, nyaya zake zote mbili za loki zinakaa kwenye ethi. Swichi ya gari ikipeleka moto kwenye waya mmojawapo, moto huo unaingia ethini moja kwa moja na fyuzi inakatika.

Kuungua kwa mota kulitokana na dawa iliyofuata. Alamu nyingi za dukani zina chaguo la urefu wa mpigo wa loki, sekunde 0.5 au 3.5. Hiyo ndefu iliwekwa kwa ajili ya magari kama Mercedes-Benz za zamani, ambazo milango yake hufungwa kwa pampu ya hewa. Mtu aliipandisha ifike 3.5, na vioo vikaanza kujikunja karibu hadi mwisho. Lakini mota ya loki ikishafika mwisho wa safari yake haina pa kwenda. Iliendelea kusukuma ukuta sekunde 3 zaidi, kila kufunga, kila kufungua. Kioo hakiungui hivyo kwa kuwa ndani yake mna sakiti inayokata umeme mota ikigota. Mota ya loki ya bei ya chini haina kitu hicho.

Mota zilipoungua, mpigo ulikuwa umerudishwa 0.5, na mibonyezo saba au nane ikarudi nao. Tuliuacha hapo, tukatenganisha nyaya za vioo na za milango, tukairudishia swichi plagi yake. Kisha tukaweka mita kwenye nyaya mbili zinazotoka kwenye swichi, ufunguo ukiwa ACC. Ikasoma 12.1. Tukabonyeza kukunja: ikasoma 12.1 yenye alama ya kutoa mbele yake. Kazi nzima ilikuwa ndani ya kialama hicho. Swichi haifanyi lolote zaidi ya kugeuza moto na ethi, na ikishabonyezwa inabaki ilipo. Maana yake, ukiiacha upande wa kufungua, kila unapowasha ACC inapeleka umeme wa kufungua vioo bila kuombwa.

Hapo ndipo nusu ya kazi ilipofutika. Hatukuhitaji alamu ifungue vioo. Inatosha ikunje, ufunguo utafungua.

Tulitumia rilei mbili za pini tano. Pini 30 za rilei zote mbili zilikwenda kwenye nyaya za vioo. Pini 87a zilipokea nyaya zinazotoka kwenye swichi, ili rilei zikilala gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Pini 87 ya rilei ya kwanza ilipata moto wa betri kupitia fyuzi ya ampea 7.5, na ya rilei ya pili ilipata ethi. Rilei zinaamka pamoja, vioo vinakunjika.

Ziamke kwa muda gani? Kuna mazoea ya kubandika kapasita kwenye koili ya rilei. Koili ya kawaida ina takriban ohmu 85. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 itaishikilia kama robo ya sekunde. Kwa sekunde 5 na koili mbili ungehitaji makumi ya maelfu ya mikrofaradi, yaani mkebe mzima chini ya dashibodi. Sisi tulitumia chipu ya 555, ile aliyoibuni Hans Camenzind kwa kampuni ya Signetics na ikaingia sokoni mwaka 1972. Rezista ya kiloohmu 10 na kapasita ya mikrofaradi 470 zinaipa sekunde 5 na ushee. Chipu hiyo inaamshwa na mpigo wa ethi, ilhali waya wa kufunga loki unatoa mpigo wa moto, hivyo transista ndogo ikageuza. Transista ya pili, TIP122, ilibeba koili, maana 555 mwisho wake ni miliampea 200 na rilei mbili zinazidi hapo. Daiodi ya 1N4007 kwenye kila koili. Asiyeiweka atanunua transista nyingine.

Tulipojaribu, vioo vikakunjika pamoja, taratibu, mpaka mwisho. Mwenye gari akatoa pochi. Tukamwambia asubiri.

Alamu yake hufunga milango yenyewe mara injini inapowashwa na breki kukanyagwa. Mpigo ni ule ule wa loki. Hebu fikiria dereva anaingia barabara kuu inayokata Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, lori liko nyuma, twiga kando, na vioo vyote viwili vinajilaza. Sekunde 5 kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa ni takriban mita 97 za kwenda bila kuona nyuma.

Ndiyo maana tulifunga rilei ya tatu. Koili yake inaamshwa na ACC, na moto wa 555 unapita 30 kwenda 87a. Ufunguo ukiwa umewashwa, 555 haina umeme, na alamu ipige mpigo wowote itakao.

Tukawasha injini, tukakanyaga breki. Milango ikafunga, *tap*, vioo vikabaki wima. Tukazima, tukashuka, tukabonyeza rimoti mara moja.

Mwenye gari akanyoosha kidole kubonyeza ya pili. Mazoea.