Inkiranya Haikufika London

Mwaka 1980, jijini London, ziliibuka bendi mbili za roki zilizosimama juu ya mpigo uliotoka jirani kabisa na Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Moja ni Bow Wow Wow. Nyingine ni Adam and the Ants, iliyosukwa upya baada ya kuvunjika. Wanaoandika habari zao hutaja "ngoma za Burundi" kwa mstari mmoja kisha wakaendelea na mitindo ya nywele. Sisi wa huku Buha hatuna sababu ya kupita haraka hivyo. Wasemaji wa Kiha na Kirundi wanasikilizana, tawala zetu za Heru na Muhambwe zilikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, kama ilivyokuwa Burundi, na ngoma hizo zimevuka mpaka pamoja na Warundi waliokimbilia kambi za Nduta na Nyarugusu. Sikio lililokulia karibu nazo linaweza kusema London ilichukua nini na iliacha nini.

Ingoma, ngoma yenyewe ya Burundi, huchongwa kwenye gogo la mti uitwao umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi, ikapigwa kwa fimbo mbili nzito, imirisho. Hupangwa nusu duara, kwa kawaida kumi na kitu, na hesabu yake huwa witiri. Kazi zimegawanywa. Amashakwe hushika mpigo mmoja bila kukatika, tangu mwanzo hadi mwisho. Inkiranya hukaa katikati na ndiyo inayoamuru. Ibishikiso huifuata: inkiranya ikigeuza, nazo zinageuza, ikipunguza, nazo zinapunguza. Wapigaji hupokezana pale katikati, na kila anayeingia huja na mwendo wake, hivyo wenzake hulazimika kumtazama mikono na mabega ili wasiachwe. Fimbo hazigongi ngozi peke yake. Hugonga pia ukingo wa mti, na mlio huo mkavu wa juu ndio unaomwezesha mtu kuhesabu ndani ya ngurumo.

Mwaka 1967 Wafaransa Michel Vuylstèke na Charles Duvelle walirekodi muziki wa Burundi kwa ajili ya lebo ya Ocora, na sahani ikatoka 1968. Mwaka 1971 Mfaransa mwingine, Michel Bernholc, akijiita Mike Steiphenson, alichukua zile ngoma, akazipachika ala za kizungu juu yake na kuzitoa kwa jina la "Burundi Black". Kibao hicho kiliingia kwenye chati za Uingereza. Majina ya wapigaji hayakuwemo. Kimuziki pia naiona kazi dhaifu, kwa sababu ala zilizoongezwa zinazilazimisha ngoma ziwe zulia la kukanyagia. Joni Mitchell, mwaka 1975, alifanya vizuri zaidi katika "The Jungle Line": alikifanya kipande cha ngoma hizo kijirudierudie, akaweka sintesaiza ya Moog na sauti yake. Aliziachia ngoma nafasi ya kusikika.

Mwishoni mwa 1979, Adam Ant alimlipa Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, paundi 1,000 amnyooshee bendi. McLaren akampa kanda ya kujifunzia, na ndani yake ilikuwemo "Burundi Black". Kufika Januari 1980 McLaren alikuwa amewabeba wanamuziki watatu wa Adam: Matthew Ashman wa gitaa, Leigh Gorman wa besi na Dave Barbarossa wa dramu. Akawatafutia mwimbaji, Annabella Lwin, msichana wa miaka 13 mzaliwa wa Burma. Hiyo ndiyo Bow Wow Wow. Julai walitoa kwa EMI "C·30 C·60 C·90 Go", wimbo unaosifu kurekodi muziki nyumbani kwa kaseti, nao wenyewe ukauzwa kwenye kaseti. Novemba wakafuatisha kaseti ya nyimbo nane. Adam naye hakukata tamaa. Alimpata mpiga gitaa Marco Pirroni, akaajiri wapiga dramu wawili, wakaenda studio ya Rockfield huko Wales na kurekodi albamu ya "Kings of the Wild Frontier", ambayo baadaye ilishika namba moja Uingereza.

Walifanyaje? Dramu ya kawaida ya roki hufanya kazi tatu. Besi ya mguu iko chini, ngoma yenye nyaya hupasua pigo la pili na la nne, na matoazi huhesabu juu. Barbarossa aliishusha mikono yake kwenye tomu, zile ngoma zisizo na nyaya. Pale ambapo sikio lilizoea mpasuko na matoazi, sasa palikuwa na ngurumo inayozunguka. Kwa Adam, Chris Hughes, ambaye pia ndiye aliyeongoza kurekodi, alicheza sambamba na Terry Lee Miall. Watu wawili hawawezi kupiga kwa wakati mmoja kabisa, na ile tofauti ndogo mno kati yao ndiyo inayoleta unene. Ukimpandishia sauti mpigaji mmoja hupati unene huo, unapata kelele. Na mbao za fimbo zikigongana au kugonga ukingo zikachukua kazi ya matoazi, sawasawa na kwenye ingoma.

Hapo ala nyingine zililazimika kuhama. Tomu zilikuwa zimekalia sauti za chini, kwa hiyo besi ya Gorman ikapanda na kuanza kuzungumza kwa noti nyingi fupi. Gitaa la Pirroni likaenda kinyume: noti chache, nene, zinazoachwa zilie. Angejaza kila pengo, zile ngoma zisingesikika.

Lakini sikiliza kwa sikio la Kibondo. Mpigo unaodumu upo, mbao zipo, wingi wa ngoma upo. Anayeamuru hayupo. Beti na kiitikio huja kwa hesabu iliyopangwa tangu mazoezini, na hakuna ngoma inayoweza kuingia katikati na kuugeuza wimbo. London ilipata amashakwe ikakosa inkiranya. Sababu moja iko wazi: wimbo wa redio ni wa dakika tatu, na kiongozi wake ni mwimbaji. Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Walijifunza kwa sahani na kanda. Ukisikiliza tu, ngurumo yote inakuja kama kitu kimoja. Macho ndiyo yanayokuonyesha nani anamfuata nani.

Wala roki si mgeni kwetu. Bendi ya Sunburst ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikiwa na gitaa la Hembi Flory Kongo aliyetoka Zaire na sauti ya James Mpungo. Ilirekodi redioni mwaka 1973, na albamu yake ya "Ave Africa" ikatoka 1976 wakiwa Zambia. Mtindo wao waliuita Kitoto Sound. Na bendi zetu za dansi zina jambo ambalo London haikuwa nalo: kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, gitaa la solo huita, wengine wakabadilika papo hapo, awe ni mpiga besi au mcheza shoo. Mwanamuziki wa dansi anaijua kazi ya inkiranya hata kama hajawahi kuigusa.

Kwa hiyo bendi ya Kasulu ikitaka kujaribu, isianze kwa kuiga tomu za Barbarossa. Gridi ya taifa imefika Kasulu na Kibondo tangu 2022, na amplifaya haisubiri tena jenereta la dizeli. Ngoma tano zinatosha: amashakwe mbili, ibishikiso mbili, inkiranya moja. Inkiranya ipewe kipaza sauti chake, karibu na ukingo kuliko katikati ya ngozi, ili mbao zisikike. Nyingine nne zigawane kimoja kilichosogezwa nyuma. Mpiga besi ajiepushe na nyuzi za chini ngoma zote zinapolia. Gitaa lihesabiwe kama ibishikiso ya tatu, likingoja amri. Na mwimbaji asimame mahali anapomwona mpiga inkiranya, kwa sababu urefu wa beti utaamuliwa pale, siyo kwenye karatasi.