Mgeni Aliyekuja na Mapigo Yake: Akuma Ndani ya Tekken 7

Mashabiki wa gemu za kupigana hawachoki kubuni pambano la ndoto: fulani wa gemu hii akutane na fulani wa gemu ile, kisha ammalize kwa pigo ambalo halijawahi kuonekana. Mara nyingi ubunifu huo huanzia kwenye mwonekano, yaani moto, radi na mavazi. Akuma wa Street Fighter, alivyoingizwa katika Tekken 7, ni ushahidi kwamba pigo maalumu huanzia vidoleni.

Tutazame Shoryuken, ngumi ya kupaa anayoitumia Akuma, kama wenzake wa Street Fighter, Ryu na Ken. Mchezaji husukuma kijiti mbele, kisha chini, kisha mshazari kati ya chini na mbele, hapo akabonyeza ngumi. Mkono hutangulia kufanya kile ambacho mwili wa mpiganaji utafanya: kusogea, kuinama, kufyatuka. Ngumi ikimpata adui aliyeruka, humwangusha. Ikikosa, mpigaji hubaki hewani bila kinga, na aliye chini humwadhibu anavyotaka. Mwenzake ni Hadouken, mpira wa nguvu unaosafiri kwa mstari ulionyooka na kumshawishi adui aruke. Akiruka, Shoryuken inamngoja. Mapigo haya mawili yanategemeana, na kila moja lina gharama yake.

Tekken ina kanuni nyingine. Street Fighter hutumia vitufe sita, vya ngumi na mateke kwa uzito tofauti. Tekken ina vinne, kimoja kwa kila mkono na kila mguu. Uwanja wake una kina, hivyo adui anaweza kupiga hatua pembeni na Hadouken ikampita. Ingekuwa rahisi kumvua Akuma kila kitu, akabaki na nywele nyekundu tu. Waundaji walimwachia mruko wake, mpira anaourusha akiwa hewani na kipimo chake cha nguvu. Hata Shun Goku Satsu, pigo lake la kutisha kuliko yote, limehifadhiwa kwa makini. Katika Street Fighter huandikwa ngumi nyepesi mara mbili, mbele, teke jepesi, ngumi nzito. Katika Tekken 7 ni ngumi ya kushoto mara mbili, mbele, teke la kushoto, ngumi ya kulia. Vitufe vimebadilika, mdundo ni uleule.

Isitoshe, mgeni huyu alikuwa na undugu na wenyeji tangu zamani. Ngumi ya umeme ya ukoo wa Mishima hufuata karibu njia ileile ya Shoryuken: mbele, kijiti kirudi katikati, chini, kisha mshazari pamoja na ngumi ya kulia. Tofauti ni kwamba mshazari na ngumi lazima viingie katika fremu moja, sehemu ya 1/60 ya sekunde. Ukichelewa, unapata ngumi ya kawaida isiyo na umeme, na adui aliyejikinga anaweza kukurudishia. Hadithi inampa Akuma deni kwa Kazumi Mishima, lakini vidole vilikuwa vimeshawaunganisha kabla ya hadithi.

Kasoro ipo. Uwezo wa Akuma wa kukatiza pigo moja na kuunga jingine ni mkubwa mno mbele ya wenyeji wengi, na mruko wake huwalazimisha kujilinda kwa namna ambayo gemu yao haikuwafundisha. Hilo ni kosa la vipimo, na vipimo hurekebishika. Umbo la wazo ni sahihi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tekken ilipata maswali mapya kwa sababu mgeni hakulazimishwa kufanana nayo.

Basi wewe unayebuni pigo au mkutano wa mashujaa, kabla ya kuchora moto, andika vitufe vyake. Kisha useme wazi: likikosa, mpigaji atalipa nini?