Orodha ya Maneno 92 na Kiswahili cha Lubumbashi

Kitabu cha Yvonne Bastin, André Coupez na Michael Mann kuhusu mwendelezo na mtengano wa lugha za Kibantu, kilichotolewa mwaka 1999, kingali rejeo lisiloepukika kwa mwanaisimu wa Katanga. Kinalinganisha lugha na lahaja 542 kwa orodha moja ya maneno 92 ya msingi. Njia hiyo, iliyoasisiwa na Mmarekani Morris Swadesh katika miaka ya 1950, hudhani kuwa maneno ya aina hii hayakopwi kwa urahisi.

Kiswahili chaijaribu dhana hiyo vikali. "Damu" na "samaki" yametoka Kiarabu, wala hayana mnasaba na "mashi" ya Kiluba au "isabi" ya Kibemba. Hapo hakuna la kulalamikia, kwani mkopo waonekana. Ugumu u katika uteuzi. Mkusanyaji akiandika "ndege", hapati mnasaba na "nyunyi" ya Tshiluba. Akiandika "nyuni", neno la kale la Kiswahili, aupata. Lugha ni ile ile. Katika maneno 92, neno moja huzidi kidogo asilimia 1. Chaguo tano za namna hiyo zaweza kuamua lugha iwekwe tawi gani.

Lubumbashi hali ni nzito zaidi. Kiswahili cha hapa, alichokieleza Edgar Polomé mwaka 1968, kilikua katika mji ulioanzishwa mwaka 1910, vinywani mwa wafanyakazi waliokuja na Kiluba, Kibemba, Tshiluba na lugha nyingine. Watu husema "muntu" na "mayi". Orodha itayahesabu kuwa ndugu wa "mtu" na "maji" ya Unguja, na itakuwa sahihi. Lakini Kiswahili cha pwani kilikwisha kuipoteza "n" ya "muntu". Hapa imerudi kwa njia ya majirani. Mkopo kutoka kwa ndugu hufanana na urithi, na hesabu huutia alama ile ile. Kiarabu hulipa ushuru mpakani. Kiluba hupita bure.

Tena, kinachokitenga zaidi Kiswahili hiki hakimo orodhani kabisa: "batoto" badala ya "watoto", "katoto" na "tutoto" kwa udogo. Ngeli hazihesabiwi. Basi asilimia ya juu yaweza kumpa mwalimu sababu ya kuuita usemi wa mtoto wa Katuba makosa ya Kiswahili cha Unguja, badala ya kuuona kuwa mfumo wenye kanuni zake. Hilo si deni la waandishi hawa, walioliweka neno "mwendelezo" mbele ya "mtengano" katika anwani yao. Ni deni la wasomaji wanaochukua jedwali na kuacha maelezo.

Kwa eneo hili, ambapo Kisanga, L35 katika uainishaji wa Guthrie, hukutana na Kilamba, M54, orodha haina budi kuambatana na ulinganisho wa ngeli na wa sauti, neno kwa neno, pamoja na visawe vyote alivyovitaja msemaji, si kile cha kwanza tu.